Hawakuwa Kikundi cha Hamasa

Cheti chenyewe kilikuwa kizuri. Karatasi ngumu, pambo la rangi ya dhahabu pembeni, mhuri wa bluu, na fremu ya aina ile inayouzwa Kariakoo ikiwa na picha ya maporomoko ya maji ndani, unaitoa kwanza ndipo utie ya kwako. Ilikuwa hafla ya Siku ya Wanawake mtaani kwetu, na mimi ndiye niliyepewa kipaza sauti nisome majina. Nilipofika kwa mwenyekiti wa kikoba chetu nikasoma kama ilivyoandikwa: Mhamasishaji Bora wa Maendeleo ya Jamii. Vigelegele. Mama akapanda jukwaani na kitenge chake kipya, akapokea, akapiga picha na mgeni rasmi, akashuka. Aliponipita akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, mimi nilimhamasisha nani?"

Nikacheka tu, maana nilikuwa bado na majina kumi na moja ya kusoma na soda zilikuwa zinapata moto. Lakini swali lile nililala nalo, nikaamka nalo.

Nieleze alichofanya. Nyuma ya shule ya msingi ya kwetu kuna korongo. Kiangazi ni jalala, masika ni mto. Miaka yote watoto walivuka juu ya magogo mawili, viatu mkononi, mpaka Aprili moja mtoto wa darasa la pili akateleza, akasombwa, akaja kunaswa na mizizi ya mwembe huko mbele, hai kwa kudra za Mungu. Jumamosi ile ile tulikuwa na kikao. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Mwenyekiti akangoja hisa zinunuliwe, faini za wachelewaji zilipwe, sanduku lifungwe. Kisha akatoa daftari jipya la jalada gumu, akaliweka juu ya sanduku, akasema: kila mtu jero, mia tano yake, kila siku, na atapita yeye mwenyewe.

Akapita. Anauza vitumbua, kwa hiyo saa kumi alfajiri yuko macho, na saa mbili vitumbua vikishaisha anavua aproni anashika daftari. Miezi kumi na minne. Tulikuwa wanawake ishirini na wanane, na najua wapo waliomwona anakuja wakaingia chooni. Nami niliwahi. Alikuwa hagombi. Anakaa kwenye kibaraza, anaomba maji ya kunywa, anakungoja utoke.

Katikati ya miezi hiyo alikwenda ofisini mara tisa na faili lake la plastiki, kuomba kibali na kuomba mchoro. Mara ya nne akaambiwa mhusika yupo kikaoni. Akakaa kwenye benchi, akatoa sindano yake ya kufumia na uzi mweupe, akaanza kufuma kitambaa cha kochi. Kitambaa kile kiliisha kabla ya kikao, na kipo sebuleni kwake hadi leo. Fundi wa kwanza alimwambia nondo za milimita nane zinatosha. Akamtafuta wa pili, wa pili akasema kumi na mbili. Akanunua za kumi na mbili, na siku ya kuzifunga akasimama pale akizihesabu kwa kidole, moja moja, fundi amenuna. Wanaume walijitokeza mwishoni kubeba kokoto, tunawashukuru.

Leo kuna kivuko cha zege chenye vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Kazi ile ukitaka kuipa jina, majina yapo: mhasibu, mtafuta fedha, msimamizi wa ujenzi, mwakilishi. Sisi tukaona tumwite mhamasishaji.

Hamasa ni neno la heshima lililopewa kazi ya ovyo. Kila mtu anayeishi nchi hii anaijua picha yake: kiongozi anashuka kwenye ndege, na pembeni ya zulia jekundu kuna akina mama wa sare, vitenge vinafanana, jua la saa saba, wanacheza. Wamefika saa mbili. Hakuna anayewauliza wana maoni gani. Wakishamaliza wanapandishwa basi wanarudishwa, na kwenye taarifa ya habari watasikika sekunde nne chini ya sauti ya mtangazaji. Tumekuwa na picha hiyo muda mrefu hata tukadhani kwamba ndivyo wanawake walivyoingia kwenye siasa zetu tangu mwanzo: kwa kucheza pembeni wakati wanaume wanafanya mambo.

Na hapo ndipo nataka nimzungumzie Bibi Titi.

Kwa watu wa Dar, Bibi Titi ni barabara. Inapita ubavuni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, inakutana na ya Morogoro pale chuo cha DIT, inaendelea hadi mbele ya Maktaba Kuu ya Taifa. Niliwahi kumuuliza kijana wa bodaboda, tumekwama tukitazama taa nyekundu, kama anajua Bibi Titi alikuwa nani. Akafikiri kidogo, kwa adabu. "Si alikuwa mke wa Nyerere?" Sikumlaumu. Nilipokuwa shule ya msingi Bibi Titi alikuwa mstari mmoja kwenye daftari la Uraia, kati ya tarehe mbili, na mwalimu aliupita mstari ule haraka kama mtu anayeruka dimbwi.

Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma hadi darasa la nne, akaozwa mapema kama mabinti wengi wa mjini wa wakati wake. Alipokuwa hajatimiza miaka thelathini tayari alikuwa mtu anayejulikana, ila si kwa siasa. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa ngoma iliyoitwa Bomba.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wanapopotea. Wanasema "alikuwa mwimbaji", kisha wanaruka hadi kwenye chama, kana kwamba uimbaji ulikuwa pambo la ujana wake. Lakini ngoma ya wanawake wa mjini, lelemama na nyinginezo, haikuwa kundi la watu wanaokutana kucheza wakaenda nyumbani. Ilikuwa na viongozi wenye vyeo. Ilikuwa na ada, na mfuko, na mtu wa kuushika mfuko. Ilikuwa na sare zilizokubaliwa, na asiyenunua sare alikuwa na maelezo ya kutoa. Mwanachama akifiwa, ngoma ilifika na sufuria zake. Akioza mwana, ngoma ilifika na ngoma. Ilikuwa na mahasimu, yaani ngoma ya mtaa wa pili, na ushindani huo uliwafundisha viongozi wake kitu ambacho chuo chochote cha siasa kingetoza ada kubwa kukifundisha: namna ya kumleta mtu upande wako na kumfanya abaki. Ukiniuliza mimi, ile ilikuwa asasi iliyokamilika, ikikusanya watu wa makabila yote ya mji ule, kwa Kiswahili, bila ruhusa ya mkoloni wala ya mume.

(Wala si Dar peke yake. Kule Ugiriama, pwani ya Kenya, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alikusanya watu dhidi ya Waingereza kwa kutumia kifudu, ngoma ya msiba. Maofisa wa kikoloni wakaona mwanamke anacheza. Walipokuja kung'amua, wakamkamata wakampeleka mbali hadi Kisii.)

TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Julai 7, 1954, na ilizaliwa na tatizo. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 ulikuwa umewakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Maana yake, wale hasa waliosoma, makarani na walimu wa serikali na wauguzi wa hospitali zake, walifungwa mikono. Mwanamume mwenye mshahara alikuwa na cha kupoteza. Mkewe, anayekaanga samaki barazani, hakuwa kwenye orodha ya malipo ya mtu yeyote, na hakuna waraka uliomkumbuka. Ukitaka kujua kwa nini wanawake walikuwa wengi kwenye chama kile siku zile, anzia hapo, kabla hujafika kwenye ushujaa.

Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch. Akauliza: wanawake wenu wako wapi? Naipenda sana sehemu hii, maana naiona kabisa ile aibu ya wanaume kutazamana, kila mmoja akikumbuka kwamba wa kwake amemwacha nyumbani. Wakamtafuta Titi. Yeye na wenzake, akina Tatu binti Mzee, hawakuanza kwa kuandika katiba ya tawi la wanawake. Walikwenda kwa viongozi wa ngoma. Mtaa kwa mtaa, kiongozi kwa kiongozi: wewe una watu wako, mimi nina wangu, njoo tuzungumze. Ukimpata kiongozi wa ngoma umepata wote waliovaa sare yake, na ukimkosa huwapati hata ukileta gari la matangazo. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi. Chama cha wanaume wasomi kilikuwa hakijawahi kuona namba kama hiyo ikija kwa mwendo huo.

Na walikuwa wanawake gani? Wengi hawakuwa mabinti. Walikuwa watu wazima, walioachika au wajane, wauza maandazi, wapika pombe, wenye nyumba ya vyumba vitatu vya kupangisha. Yaani wale ambao mji unawaita majina mabaya na wakati huo huo unakwenda kuwakopa. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kutoka usiku. Walilaza wageni wa chama, walipika, walibeba ujumbe, waliuza kadi wakiuza na maandazi. Tabora palikuwa na Nyange binti Chande. Lindi palikuwa na Sharifa binti Mzee. Moshi palikuwa na Halima Selengia. Nawataja kwa sababu majina haya hayana barabara, au kama yanayo basi mimi sijapanda daladala iendayo huko.

Titi mwenyewe alizunguka nchi nzima na Nyerere na viongozi wengine, akahutubia. Kiingereza hakuwa nacho, na hakukihitaji. Alikuwa na sauti iliyofunzwa kufika nyuma ya uwanja bila spika, na alijua kuupanga umma kama mwimbaji anavyoupanga: lini unaitikia, lini unanyamaza. Uhuru ulipokuja Desemba 9, 1961, majina yaliyojulikana kila kona ya Tanganyika yalikuwa machache, na la kwake lilikuwamo. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962 akawa mwenyekiti wake. Akawa mbunge wa Rufiji, akawa waziri mdogo.

Mpaka hapo hadithi inafaa kusomwa Machi 8. Inayofuata ndiyo mwalimu wangu aliyoiruka.

Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na ndani yake miiko ya uongozi. Mmojawapo: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Sisi tuliofundishwa Azimio kwa nyimbo tunaliona jambo hili kuwa jepesi. Bepari ana nyumba, mjamaa hana, chagua upande. Lakini kaa kidogo na uitazame kwa macho ya mwanamke wa Kiswahili wa mjini. Nyumba ya vyumba vya kupangisha kwa mwanamke yule haikuwa mtaji wa kunyonya mtu. Ilikuwa pensheni yake asiyolipiwa na mwajiri. Ilikuwa ndiyo inayomfanya aambiwe talaka leo na kesho awe bado na pa kulala, na kodi ya mwezi ya kununulia unga. Wanaume waliokaa kuandika miiko walikuwa na mishahara na nyumba za serikali. Sikatai nia ya Azimio. Nasema tu kwamba mwiko ule ule uliwakuta watu wawili wamesimama sehemu mbili tofauti. Titi alikuwa na nyumba. Akaachia uongozi, akabaki na nyumba.

Oktoba 1969 akakamatwa. Mwaka 1970 ikasikilizwa kesi ya uhaini, ya kwanza tangu uhuru, mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Washtakiwa walikuwa saba, miongoni mwao Michael Kamaliza aliyekuwa waziri wa kazi, na mwanamke alikuwa mmoja tu. Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyetajwa kuwa kinara wa njama ya kuipindua serikali, alikuwa Uingereza. Mwaka 1971 Titi akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Nyerere akamsamehe, akatoka. Akarudi kwenye mji ambao picha zake zilikuwa zimeshushwa kutani na jina lake halitajwi. Aliishi hivyo muda mrefu. Jina likaanza kurudi polepole, kwanza kwa minong'ono, baadaye kwa hotuba, hatimaye kwa kibao cha barabara. Alifariki Johannesburg Novemba 5, 2000, akaagwa kama shujaa.

Nimesoma watu wakibishana mtandaoni kama alikuwa na hatia au hakuwa. Siingii huko. Ninachosema ni kwamba heshima inayomtaka Titi wa 1955 na kumficha Titi wa 1970 ni heshima ya nusu mkate. Unamchukua mwanamke aliyekuwa na akili zake, mali yake na ugomvi wake na wakubwa, unamvua vyote hivyo, unabaki na mama anayeimba. Ndiyo maana kijana wa bodaboda hana la kukumbuka. Hatujampa mtu wa kumkumbuka.

Mwaka ule ule wa 1955, Bahari ya Atlantiki ikiwa katikati, kulikuwa na jambo lingine ambalo sote tunalijua kwa ufupi: mwanamke mmoja mweusi, mshona nguo, alikuwa amechoka, akakataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Rosa Parks, Montgomery, jimbo la Alabama, Desemba 1. Ufupi ule nao ni wa uongo. Parks alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za watu weusi, mtu wa kazi hiyo kwa miaka. Miezi tisa kabla yake msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikuwa amekamatwa kwa kosa hilo hilo. Na usiku ule aliokamatwa Parks, mhadhiri wa chuo, Jo Ann Robinson, hakulala. Alikuwa kiongozi wa baraza la kisiasa la wanawake weusi wa mji ule, na baraza hilo lilikuwa limekwisha kufikiria mgomo wa mabasi zamani. Alichokosa ni siku. Akaingia chuoni usiku na mwenzake mmoja na wanafunzi wawili, wakawasha mashine ya kudurufu, wakatoa makumi ya maelfu ya vikaratasi. Kulipokucha vilikuwa vinasambazwa mashuleni, madukani, saluni. Wachungaji walipokutana kujadili kama kuna haja ya mgomo, mji ulikuwa umeshaambiwa.

Lakini ninayempenda zaidi kule ni mpishi. Georgia Gilmore, mama wa watoto sita, aliajiriwa kwenye mgahawa. Mgomo ulidumu siku 381, na watu wakisusa basi siku 381 lazima wapande kitu kingine: magari ya kuchangiana, na magari yanataka petroli. Gilmore akakusanya wanawake wapishi na wafanyakazi wa ndani. Wakakaanga kuku, wakaoka keki na pai, wakauza, hata kwa wazungu, na kila Jumatatu kwenye mkutano kanisani Gilmore akasimama kutangaza kiasi walichopata. Wanawake wengi kati yao wangefukuzwa kazi kama waajiri wao wangejua, kwa hiyo kikundi kile wakakiita Klabu Isiyotoka Popote. Mtu akiuliza pesa imetoka wapi, jibu liko tayari: haijatoka popote. Yeye mwenyewe alitoa ushahidi mahakamani mwaka 1956, akafukuzwa kazi, akageuza jiko lake la nyumbani kuwa mgahawa. Na kesi iliyofuta ubaguzi kwenye mabasi yale iliamuliwa kwa majina ya wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith, na yule msichana, Claudette Colvin.

Niliposoma habari za Gilmore kwa mara ya kwanza nilisikia harufu ya iliki. Sijui pai za Alabama zina iliki. Vitumbua vya mwenyekiti wetu vinayo. Pesa ya mageuzi, Montgomery na Kariakoo, mwaka mmoja, ilitoka kwenye kikaango, ikapita kwenye kibubu au boksi la biskuti, ikahesabiwa na mtu ambaye hajawahi kuitwa mhasibu. Baadaye mwanamume mmoja akasimama mbele ya watu akasema maneno mazuri, na maneno yanahifadhika kuliko sarafu.

Nimefika umri ambao naalikwa kwenye kamati za kuandaa hafla. Kila mwaka tunabishana kuhusu fulana, rangi gani mwaka huu, na mgeni rasmi nani. Nimekuwa nikijiuliza tungefanya nini kama tungekuwa tunaandika vyeti kwa ukweli. Huyu alishika funguo ya sanduku miaka saba bila senti kupotea. Huyu alikaa benchi la ofisi siku tisa. Huyu ndiye aliyekuwa akienda kwa mke wa mjumbe usiku, wayamalize jikoni, ili asubuhi mjumbe akubali akidhani wazo ni lake. (Huyo wa mwisho hawezi kupewa cheti, kwa sababu ataharibu biashara.) Wala nisijifanye mjuzi: cheti kile cha mhamasishaji, aliyepewa rasimu aisahihishe ni mimi. Niliisoma, nikarekebisha koma, nikairudisha.

Juzi nilikwenda kumtembelea. Alikuwa ameumwa mguu, haendi kuuza. Sebule yake ni ile ile: kitambaa cha kochi cha ofisini, televisheni imefunikwa, kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi ya mwaka uliokwisha. Cheti sikukiona ukutani. Nikaona fremu. Ndani yake ameweka picha ya mjukuu wake siku ya kumaliza darasa la saba, amesimama juu ya kivuko, ameshika vyuma pande zote mbili kama nahodha.

"Shikamoo mama. Cheti umekipeleka wapi?"

"Marahaba. Kipo nyuma ya picha, kimeibana vizuri. Karatasi ile ngumu."

Nikamwambia nataka kuandika habari za kivuko, niweke na majina ya wote waliochanga, kwa ukamilifu. Akaniangalia kidogo, kisha akamtuma mjukuu chumbani. Daftari likaja, jalada limechanika, limefungwa kwa mpira wa chupi. Akalifungua juu ya mapaja yake. Kila ukurasa wiki mbili, majina ishirini na nane kushuka chini, siku kwenda kulia, alama ya vema kwa kalamu ya bluu kwa aliyelipa, na kwa nyekundu mkasi kwa aliyekosa. Akapitisha kidole taratibu, kama alivyohesabu nondo, akasimama kwenye jina langu. Akafungua ukurasa mwingine. Akasimama tena. Ukurasa mwingine.

"Mikasi saba," akasema. "Elfu tatu na mia tano. Nilijua ipo siku utakuja kuliulizia daftari."

Nilikuwa na noti ya elfu tano. Akamwita mjukuu alete chenji.